Nimelaza mizunguko ya Chicago juu ya Kampala, haikai. Nadharia za miji ya Marekani tuzifanyeje?

kijana_wa_masese

Shikamooni wazee, na salamu kwa ndugu wote.

Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji, mwaka wa pili. Muhula huu tumeingia nadharia za mji, na karibu zote zimetoka Marekani: mizunguko ya Burgess, vipande vya Hoyt, vituo vingi vya Harris na Ullman, kisha Kevin Lynch, kisha Jane Jacobs. Kazi tuliyopewa ni kuchagua nadharia moja na kuilaza juu ya mji wowote wa Uganda, tueleze inakaa wapi na inakataa wapi.

Nilichagua Burgess kwa kuwa mchoro wake unaeleweka upesi: duara la biashara katikati, duara la mpito lenye wageni maskini na nyumba chakavu, kisha wafanyakazi, kisha wenye uwezo, kisha wale wanaoingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Nikachukua ramani ya Kampala, nikasimamisha bikari kwenye barabara ya Kampala, nikazungusha. Duara la kwanza halikunisumbua. La pili, upande wa kusini-magharibi, lilinipeleka Kisenyi, sawasawa na alivyosema. Lakini duara hilo hilo ukilifuata kaskazini linapanda Nakasero juu, kwenye nyumba zenye bustani na walinzi getini. Umbali ni mmoja, maisha ni mawili. Nilipotoka nje zaidi, Muyenga na Bwaise zikaangukia duara moja.

Kilichonileta hapa hasa ni swali kubwa kuliko ramani yangu. Rafiki ninayesoma naye anashikilia kwamba ile miraba ya barabara za Marekani ni demokrasia iliyochorwa ardhini: hakuna ikulu katikati, hakuna njia ya mfalme, kila kiwanja kinalingana na mwenzake. Anaamini miji yetu ingepangwa hivyo tangu mwanzo, siasa yetu ingekuwa nyingine. Mimi nimezaliwa Masese na nimesoma shule mjini Jinja, miraba naijua kwa miguu. Sikubaliani naye, ila sina hoja ya kumpa.

Naomba msaada. Umbo la mji ndilo linaloleta siasa, au siasa ndiyo inayoleta umbo?

---

MpimaJinja

Marahaba mwanangu. Kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kupima ardhi. Nilianza nikiwa mshika mnyororo, kijana wa kutangulia kwenye majani na fimbo za rangi, kwa hiyo nitakujibu kuanzia kwenye kipimo. Mji huanza hapo, kabla mtu hajaweka tofali.

Burgess kwanza, nimmalize. Alichapisha mchoro wake 1925 akiwa Chicago, mji uliokuwa na watu wasiofika 30,000 mwaka 1850 na ukafikisha milioni 2.7 mwaka 1920. Treni zilishusha Wapolandi, Waitaliano, Wayahudi, na Wamarekani weusi waliokimbia mashamba ya kusini. Ardhi yenyewe ni tambarare, na mashariki kuna ziwa, hivyo nusu ya maduara yake iko majini. Kule kilichokugharimu ni umbali kutoka katikati. Kampala kinachokugharimu ni mwinuko. Aliye juu mvua inamwacha. Aliye bondeni anaipokea, pamoja na taka iliyobeba kutoka kwa jirani wa juu. Chora Kampala kwa mistari ya mwinuko utaona Kisenyi, Katanga na Bwaise zinajikusanya zenyewe mabondeni, na Nakasero, Kololo na Muyenga zinabaki vileleni. Ramani yako imepata jibu.

Ila usimwache upesi. Kuna kitu kwenye mchoro wake ambacho wengi wanakiruka. Juu ya yale maduara ameweka ukanda mwembamba unaoshuka kusini na kuyakata yote. Huo ndio mtaa wa watu weusi. Maduara yanasema mtu akipata fedha anahamia nje, na mtoto wake anahamia nje zaidi. Ukanda unasema walikuwepo watu ambao fedha haikuwahamisha. Kwa nini? Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisville, ilikataza halmashauri za miji kutenga mitaa kwa rangi ya mtu. Basi wenye nyumba na madalali wakageukia mikataba yao wenyewe: ukinunua nyumba hii, unaapa hutamuuzia mweusi. Mahakama zikaendelea kuitetea mikataba hiyo hadi 1948. Kwa hiyo ndani ya nadharia inayofundishwa kama jambo la maumbile, mji unakua wenyewe, kulikuwa na wanasheria na mihuri. Jambo hilo liandike kwenye kazi yako hata kama mwalimu hakuuliza.

Sasa miraba, na huyo rafiki yako.

Mwaka 1785 Marekani ilikuwa imetoka vitani na ina madeni. Fedha haikuwa nayo, ila ilikuwa na madai juu ya ardhi kubwa magharibi ya mto Ohio, ardhi ya Washawnee, Wadelaware, Wamiami na wengine ambao hawakuulizwa. Ndipo ikatoka sheria ya kupima ardhi hiyo yote kwa miraba: kila mraba mkubwa maili 6 kwa 6, ndani yake viwanja 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640 kila kimoja. Kiwanja nambari 16 kiliachwa kwa ajili ya shule, nami naiheshimu sheria hiyo kwa jambo hilo moja. Bei ya chini ilikuwa dola moja kwa ekari. Wapimaji wakaingia msituni na mnyororo wa futi 66, mnyororo wa Gunter, ule ule ambao Waingereza walikuja nao huku kwetu. Minyororo 80 ni maili moja. Minyororo 10 ya mraba ni ekari moja.

Swali la kumuuliza rafiki yako ni hili: mraba unamfaa nani? Hamfai mkulima, maana mto na mwinuko havifuati mstari. Unamfaa mtu anayenunua ardhi ambayo hajaiona. Ukishaipa nambari na pembe nne, unaweza kuiuza mezani, mbali kabisa, kwa mtu ambaye hatakanyaga pale, naye akamuuzia mwingine wiki ijayo. Miraba ya Manhattan ilipopangwa 1811, barabara 155 kwa upana na 12 kwa urefu, makamishna hawakutaja demokrasia. Walieleza kwamba nyumba zenye pande zilizonyooka na pembe mraba ndizo rahisi kujenga na ndizo zinazofaa kuishi. Viwanja vikakatwa futi 25 kwa 100, na vilima vilivyokuwa njiani vikachimbwa.

Umbo hilo hilo limetumikia watu wasiopatana kabisa. William Penn alilitumia Philadelphia 1682, akiwa Mkweka anayetafuta mji wa uhuru wa dini. Wamormoni walilitumia Salt Lake City 1847, na barabara zao zina upana wa futi 132, yaani minyororo miwili kamili. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Savannah, kule Georgia. Mwanzilishi wake, Oglethorpe, aliipanga 1733 kwa mitaa midogo, kila mmoja ukiwa na uwanja wa wazi katikati, na katika miaka ya mwanzo utumwa ulikatazwa huko. Mwaka 1751 utumwa ukaruhusiwa. Viwanja vya wazi havikusogea hata futi moja. Mji ukazidi kupanuka kwa mpango ule ule, uwanja baada ya uwanja, na waliokuwa wakitandika matofali ni watumwa. Rafiki yako aniambie demokrasia iliyochorwa ilikuwa imekaa upande gani wa mstari.

Rudi nyumbani. Mkataba wa Buganda wa 1900 nao uligawa ardhi kwa maili za mraba: maili 8,000 kwa machifu na watu mashuhuri, 350 kwa Kabaka, na sehemu kubwa ikaenda kwa Taji la Uingereza. Kipimo ni kile kile cha Ohio. Lakini hapa haikutoka miraba. Kila chifu alichagua maili zake anapotaka, akaacha vinamasi, akafuata kijito na ukingo wa bonde, na wapimaji waliendelea kuwakimbiza hadi miaka ya 1930. Mkulima aliyekuwa akiishi pale akaamka yuko kwenye ardhi ya mtu, analipa busuulu, yaani kodi ya kukaa pale. Kampala ikakua pande mbili. Kwenye ardhi ya Taji, Nakasero na kando yake, serikali ilichora barabara ndipo ikatoa viwanja. Upande wa Mengo, kwenye mailo, yaani ile ardhi ya Kabaka na machifu iliyogawiwa kwa maili, mwenye ardhi alimkatia huyu kipande, akamkatia yule kipande, na njia ikawa ile iliyobaki. Ukiona kona za Kisenyi usiseme watu wa pale hawajui mpango. Unaangalia historia ya mauzo.

Na ukitaka kuona New York ya 1811 ikizaliwa upya, nenda Wakiso leo, wilaya inayoizunguka Kampala. Dalali ananunua ekari chache za mailo, anapitisha greda, anakata futi 50 kwa 100, anapiga picha, anamtumia mtu aliye Dubai au London. Mnunuzi hajaona kinamasi kilicho nyuma ya picha. Kwa hesabu ekari moja inatoa viwanja vinane na salio. Ukitoa njia ya kupita gari ni sita au saba. Dalali anataka vinane. Hapo ndipo njia inapokuwa futi 10, na gari la zimamoto halitapita kamwe.

Kwa hiyo jibu langu: umbo halizai siasa. Umbo ni kumbukumbu ya nani aliuza nini kwa nani, na nani aliondolewa ili mauzo yawezekane. Nadharia nyingi za mji wa Marekani zimeandikwa baada ya mauzo kwisha, ndiyo maana zinaanza na katikati ya mji na hazianzi na ardhi.

---

MamaZulfa_Nakawa

Mzee Mpima, nimekusoma hadi mwisho na nimejifunza. Naomba nikupinge kwa adabu kwenye hilo la mwisho.

Nimekulia Nakawa, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa baada ya vita vya pili vya dunia. Kijana, hizo na za Naguru zilibomolewa Julai 2011, familia zaidi ya elfu moja. Wengi waliamka kwenye mtaa, mchana wakawa kwenye vifusi na magodoro barabarani. Mimi nilikuwa nimeshaolewa nje, lakini mama alikuwepo, na bado sijaweza kupita pale bila kifua kubana.

Ninachotaka kusema kinahusu umbo. Nyumba zetu zilikuwa fupi, chumba kimoja au viwili, mlango unatazama mlango, bomba liko katikati, na nyuma kuna kijishamba cha sukumawiki. Tulikuwa Waluo, Walugbara, Wateso, Wanubi, Wasamia, na lugha ya bombani ilikuwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na nyingine iliyotutosha sote. Mtoto wa mtu akifanya ujinga saa nne, mama yake anajua kabla ya saa tano. Yule Jane Jacobs aliandika 1961 kwamba usalama wa mtaa wa New York unatoka kwa macho ya watu waliopo madirishani na milangoni kwa shughuli zao, kuliko kwa polisi. Nilipomsoma nikiwa mtu mzima nilimwona mama yangu na ndoo yake. Hilo ni umbo, Mzee. Tungewekwa kwenye ghorofa la korido ndefu, lile bomba lisingekuwepo na yale mazungumzo yasingekuwepo.

Sasa linganisheni na Pruitt-Igoe ya St. Louis, maana kijana lazima ataulizwa. Majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, msanifu Minoru Yamasaki, yule aliyekuja kusanifu minara pacha ya New York. Yalikamilika katikati ya miaka ya 1950, na 1972 yakaanza kulipuliwa. Vitabu vingi vinaitumia picha ya mlipuko kuonyesha kwamba usanifu wa kisasa ulikufa siku ile: lifti zilisimama baadhi ya ghorofa tu, korido zilikuwa za kila mtu na hivyo hazikuwa za yeyote. Ni kweli. Lakini matengenezo yalitakiwa yalipwe na kodi ya wapangaji maskini, na mji wenyewe ulikuwa ukimwaga watu, kutoka 856,796 mwaka 1950 hadi 622,236 mwaka 1970. Jengo lenye lifti bila fedha ya fundi wa lifti litamshinda msanifu yeyote duniani. Wapangaji waligoma kulipa kodi 1969 na wakasikilizwa kiasi. Sheria ya mwaka huo iliweka kikomo cha kodi ya nyumba za serikali kuwa robo ya kipato. Hao ndio watu ambao picha ya mlipuko inawafuta.

Nakawa hakuna aliyelaumu umbo. Hakuna aliyesema milango imetazamana vibaya. Ardhi ilikuwa karibu na mjini na imepanda thamani, basi. Kwa hilo Mzee umesema kweli. Lakini usiniambie umbo ni kumbukumbu tu. Umbo lile lilitulea.

---

MpimaJinja

Mama Zulfa, pole kwa ya mama. Na nakuongezea ushahidi upande wako, maana ninao hapa nje ya dirisha.

Jinja mjini iko kwenye ardhi ya Taji, kwa hiyo ilipata mistari. Wazungu walikaa upande wa ziwa na mto, karibu na uwanja wa gofu. Wahindi walipata miraba ya maduka, Main Street na barabara zinazoikata. Mwafrika aliyekuja kwa ajili ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, na viwanda vilivyolifuata, aliwekwa Walukuba, nje ya miraba. Hilo nalo lina mwandishi wake. Profesa Simpson alitumwa kutoka Uingereza kabla ya vita vya kwanza kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, akashauri rangi zitenganishwe na paachwe ardhi wazi kati yao, akitaja magonjwa. Hata Ernst May, Mjerumani aliyejenga nyumba nzuri za wafanyakazi kule Frankfurt, alipochora upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru miaka ya 1940 aliwapa Waafrika upande wao. Marekani walitumia mkataba wa nyumba, huku walitumia daktari.

Tazama yaliyofuata. 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90. Maduka ya Main Street yenye majina ya familia na mwaka wa ujenzi juu ya paa yakagawiwa wengine. Ikaja sheria ya 1982 ya kurudisha mali, na miaka ya 1990 wengi wakarudishiwa majengo yao, baadhi wakayauza. Jengo moja limebadilisha mwenyewe mara tatu na ukuta haukusogea. Ndiyo maana nashikilia kwamba umbo halichagui bwana.

Lakini baraza. Mbele ya kila duka Mhindi alijenga baraza lenye nguzo, linaungana na la jirani, unaweza kutembea mtaa mzima mvua inanyesha usilowe. Miaka ile maduka yalipokuwa matupu, hakuna sukari wala sabuni, mafundi cherehani walikaa barazani na mashine zao. Fundi viatu naye, muuza magazeti naye, mpiga chapa barua naye. Duka lilikuwa limekufa na baraza lilikuwa linafanya kazi. Wapo hadi leo. Hakuna aliyewachora kwenye mpango. Basi nikubali maneno yako kwa namna hii: siasa inaamua nani anamiliki, na umbo linaamua asiyemiliki atapata wapi pa kusimama. Mjengo mpya wa vioo unaoinuka sasa kwenye kona hauna baraza. Unaanzia kwenye mpaka wa kiwanja na unaishia kwenye mpaka. Fundi cherehani ameshahama, na kwenye ramani hakuna kilichobadilika.

---

Tororo_Reli

Nimefurahi kusoma. Naingiza barabara, maana mmeziruka.

Sheria ya 1956 ya Marekani ilipanga maili 41,000 za barabara kuu, serikali ya taifa ikilipa asilimia 90. Meya gani angekataa? Zikapitishwa palipokuwa rahisi kisiasa, na mara nyingi palikuwa mitaa ya weusi: Overtown kule Miami, Rondo kule St. Paul, Black Bottom kule Detroit ambako mtaa wa Hastings wenye maduka na kumbi za muziki ulizikwa chini ya lami. Huku kwetu barabara ya kuzunguka Kampala kaskazini imefuata vinamasi vya Lubigi na kupita Bwaise, kwa sababu vinamasi havina wakili. Ile ya Entebbe ya kulipia, iliyofunguliwa 2018, inapita juu ya watu ambao hawana gari la kuipanda.

Kijana, mtazame pia Denise Scott Brown. Wengi wanamjua kwa utafiti wa Las Vegas alioufanya na Robert Venturi, mabango na taa za barabarani. Alizaliwa Zambia 1931, akakulia Afrika Kusini. Miaka ya 1960 mwisho alisimama na wakazi wa South Street, Philadelphia, kupinga barabara kuu iliyotaka kukata mtaa wao, na haikujengwa. Mtu aliyekulia kwenye nchi iliyotengwa kwa rangi alijua mstari kwenye ramani unaweza kufanya nini.

Swali kwa Mzee: wanasema Houston kule Marekani haina kabisa sheria ya kutenga maeneo, hapa nyumba, pale maduka, kule viwanda, kila mtu ajenge anachotaka. Si ndiyo Wakiso hiyo?

---

kijana_wa_masese

Asanteni sana wazee, na Mama Zulfa pole sana. Nimebadilisha kazi yangu: nachora Kampala kwa mwinuko na kwa aina ya umiliki wa ardhi, mailo na ile iliyokuwa ya Taji, kisha naweka maduara ya Burgess juu yake kwa penseli ili tofauti ionekane. Swali langu la mwisho: katika nadharia zote hizi, ipi ningeweza kuitumia yenyewe, bila kuikosoa tu?

---

MpimaJinja

Mchukue Lynch. Matokeo yake ni ya Boston, Jersey City na Los Angeles, yaache huko. Chukua njia yake ya kazi: aliwaomba wakazi wachore mji wao kwa mkono na waeleze wanavyopita, ndipo akaona njia, kingo, mitaa, makutano na alama zinajirudia. Hilo linasafiri, kwa sababu linamuuliza mwenyeji. Nenda stendi ya boda pale Wandegeya, omba vijana wakuchoree Kampala. Kisha nenda Nakasero kwa mtu mwenye dereva, umwombe vile vile. Ziweke karatasi mbili pamoja. Natabiri moja itakuwa na mabonde na nyingine haitakuwa nayo, lakini usiniamini, nenda.

Ndugu wa Tororo, Houston. Ni kweli wapiga kura wake waliikataa sheria ya maeneo 1948, 1962 na tena 1993. Kumbuka sheria hizo zilivyopata nguvu: mwaka 1926 Mahakama ya Juu iliruhusu kijiji cha Euclid, Ohio, kutenga mitaa ya nyumba za familia moja, na jaji akaandika kwamba jengo la flati katika mtaa wa namna hiyo mara nyingi ni kupe tu. Wapangaji wa mizigo ya Kamwokya, vile vyumba kimoja kimoja vya kupanga, wangesikia hilo wangejua wanazungumzwa wao. Houston ilikataa chombo hicho, ila haikuacha wazi. Mitaa yake mingi ina masharti ndani ya hati za nyumba, usijenge duka, usijenge flati, na halmashauri yenyewe inaweza kwenda mahakamani kuyatetea. Mwenye mtaa wenye masharti analindwa. Asiye na masharti anapata kiwanda jirani.

Sisi ni kinyume chake. Sheria ya mipango ya 2010 imetangaza Uganda nzima, hadi kijiji cha mwisho Karamoja, kuwa eneo la mpango. Karatasi ipo kila mahali. Kinachokosekana ni mpimaji kufika kabla ya greda, na hilo linahitaji mshahara wa mpimaji, mafuta ya gari lake, na ofisa wa wilaya ambaye hapokei simu ya dalali. Ukimaliza masomo, omba kazi wilayani. Makampuni ya mjini watu wa kujaza nafasi wanao tele.